Mfalme Aliyetawala kwa Daftari la Madeni: Hotuba juu ya Maisha na Utawala wa John wa Uingereza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa historia na wa sheria, mabibi na mabwana,

Naomba nianze na kuku. Katika siku za Krismasi ya mwaka 1204, karani mmoja wa mfalme wa Uingereza aliandika kwa Kilatini, katika gombo la ngozi lililotengwa kwa ahadi za malipo, kwamba mke wa Hugh de Neville anampa bwana mfalme kuku 200 ili aruhusiwe kulala na mumewe usiku mmoja. Hugh alikuwa msimamizi mkuu wa misitu ya mfalme. Wapo wanahistoria wanaouona mstari huo kuwa mzaha wa sikukuu, na wapo wanaoona ndani yake mfalme aliyezoea kujiingiza hata vyumbani mwa watumishi wake. Mimi linalonishangaza ni jambo dogo zaidi: kwamba mzaha huo, kama ulikuwa mzaha, haukuachwa upotee ukumbini pamoja na kicheko, bali uliandikwa, ukatajiwa idadi, ukawekewa wadhamini, na ukahifadhiwa pamoja na madeni mengine ya ufalme hata leo tunausoma.

Mfalme huyo ni John, aliyetawala tangu 1199 hadi 1216, na ambaye jina lake halijachukuliwa na mfalme mwingine yeyote wa Uingereza tangu siku alipozikwa. Sinema za Robin Hood zimemfanya kuwa mwoga mwenye taji kubwa kuliko kichwa chake. (Kwa faida ya wapenzi wa hadithi hizo, niseme tu kwamba katika mashairi ya kale ya Robin Hood mfalme anayetajwa huitwa Edward, John aliingizwa humo baadaye sana.) Hoja yangu jioni hii ni tofauti na ya sinema. John hakuanguka kwa uvivu wala kwa ujinga. Alianguka kwa sababu alikuwa hodari mno katika kazi moja, nayo ni kumfanya kila mtu mkubwa katika ufalme wake awe mdeni wake.

Alizaliwa mtoto wa mwisho katika nyumba ambayo mali ilikwisha kugawanywa. Baba yake, Henry wa Pili, alikuwa mfalme wa Uingereza na pia bwana wa Normandy na Anjou upande wa Ufaransa. Mama yake, Eleanor, alikuwa amekuja na jimbo lake kubwa la Aquitaine. Na kwa kuwa kaka zake walikuwa wamekwisha kuahidiwa mafungu yao, kitinda mimba huyo akabandikwa jina la utani la Kifaransa lenye maana ya John asiye na ardhi. Mwaka 1173, baba alipotaka kumpa mtoto huyu ngome tatu, Chinon, Loudun na Mirebeau, kaka mkubwa, ambaye ngome hizo zilikuwa katika fungu lake, alighadhibika, na ghadhabu hiyo ikawasha vita vya wana dhidi ya baba yao. Mwaka 1185 alipelekwa Ireland akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20. Kasisi Gerald wa Wales, aliyekuwa katika msafara ule, anasimulia kwamba wakuu wa Kiayalandi walipokuja kumsalimu bwana wao mpya, vijana wa Kinormani waliwavuta ndevu na kuwacheka. Kabla ya mwaka kwisha John alikuwa amerudi, fedha zimemwishia na askari wake wameanza kumkimbia.

Mambo ya miaka iliyofuata nitayapita haraka, maana hayana sifa kwa mtu yeyote. Mwaka 1189 Henry alipokuwa mahututi huko Chinon aliomba asomewe orodha ya waliomsaliti, na jina la kwanza likawa la John. Kaka yake Richard, yule aitwaye Moyo wa Simba, alipotekwa njiani akirudi kutoka vita vya msalaba na kudaiwa fidia ya marki 150,000 (marki ilikuwa kipimo cha fedha), John alikula njama na Mfalme Philip wa Ufaransa ili kaka huyo asirudi kamwe. Richard alirudi mwaka 1194 na kumsamehe kwa maneno yaliyokuwa machungu kuliko adhabu: kwamba yeye ni mtoto tu, na amekuwa na walezi wabaya. Huyo mtoto alikuwa na umri wa karibu miaka 27.

Mnamo Aprili 1199 Richard alikufa kwa jeraha la mshale alilolipata akizingira ngome ndogo ya Châlus, na tarehe 27 Mei John akavishwa taji Westminster. Mshindani wake alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu Geoffrey, kijana Arthur wa Brittany. Hapo mtu angetarajia mfalme mpya atembee kwa tahadhari. Badala yake, mwaka 1200 alimwoa Isabella wa Angoulême, binti mdogo sana aliyekuwa tayari amechumbiwa na Hugh de Lusignan, kisha akakataa hata kumpoza aliyenyang'anywa mchumba. Akina Lusignan wakamshitaki kwa Philip, ambaye kwa mujibu wa sheria za ukabaila ndiye aliyekuwa bwana wa John kwa ardhi zake za Ufaransa. John hakufika barazani, na mwaka 1202 Philip akatangaza kwamba ardhi hizo zimetwaliwa.

Sasa nataka tusimame kidogo Mirebeau, kwa sababu hapo mtu huyu anaonekana mzima, mbele na nyuma. Mwishoni mwa Julai 1202 Arthur, mwenye umri wa miaka 15, na akina Lusignan walimzingira humo bibi yake Arthur, yaani Eleanor, ambaye alikuwa na karibu miaka 80. Habari ilimfikia John akiwa karibu na Le Mans. Alitembeza jeshi lake maili 80 hivi kwa siku mbili, mchana na usiku, na alfajiri ya tarehe 1 Agosti akalivamia lango moja lililokuwa wazi, wakati, kama isimuliwavyo, Geoffrey de Lusignan ameketi akila njiwa. Maadui karibu wote walikamatwa, Arthur akiwa mmojawapo. Baba yake John na kaka yake Richard, pamoja na sifa zao zote za vita, hawakupata kushinda hivyo kwa asubuhi moja.

Lakini ushindi ule uliongozwa na William des Roches, ambaye alikuwa ameahidiwa kwamba atashauriwa juu ya hatima ya Arthur. John alivunja ahadi, na William akahamia kwa Philip pamoja na wafuasi wake. Mateka walifungwa minyororo, na mwandishi mmoja wa matukio anasema 22 kati yao walikufa kwa njaa katika ngome ya Corfe. Arthur mwenyewe alifungwa Falaise, kisha Rouen, na baada ya masika ya 1203 hakuna mtu aliyemwona tena. Watu walinong'ona kwamba mfalme alimuua kwa mkono wake mwenyewe, na wakuu wa Normandy, ambao walikuwa wamevumilia ushuru na vita kwa miaka mingi, hawakuona tena sababu ya kumfia bwana wa namna hiyo. Tarehe 24 Juni 1204 Rouen ikajisalimisha. Normandy, iliyokuwa imefungwa pamoja na Uingereza tangu 1066, ilikwenda, na Anjou ikafuata.

Tangu siku hiyo John alikuwa na shabaha moja, kuirudisha Normandy, na shabaha hiyo ilihitaji fedha. Ndiyo maana nawaomba sasa mwingie pamoja nami katika chumba cha Hazina.

Katikati ya chumba kuna meza yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, imezungushiwa ukingo ili kilichowekwa juu yake kisianguke, na imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari kama ubao wa drafti. Upande mmoja wameketi wakubwa wa mfalme. Upande wa pili ameketi mtu mwenye jasho, mtawala wa jimbo, ambaye watu wa mwambao wetu wangemtambua mara moja kama liwali. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na siku ya Malaika Mikaeli mwezi Septemba, huja kutoa hesabu. Juu ya kitambaa kete husogezwa katika safu za peni, za shilingi, za pauni, za mamia na za maelfu, ili hata asiyejua kusoma aone kwa macho yake anachodaiwa na alichopungukiwa. Kwa kila alicholipa hupewa kijiti cha mti kilichokatwa pengo. Pengo la pauni 1,000 lina unene wa kiganja cha mkono. La pauni 100, unene wa kidole gumba. La pauni 20, unene wa kidole cha mwisho. La pauni moja, unene wa punje ya shayiri iliyokomaa. Na peni ni mkwaruzo tu, usiotoa hata chembe ya mti. Kisha kijiti hupasuliwa kwa urefu, nusu moja hubaki Hazina na nyingine huenda na mlipaji, na siku ya ubishi nusu hizo hukutanishwa kuona kama mapengo yanalingana. Wizi wa kughushi risiti ulikuwa mgumu wakati ule kuliko leo. Uingereza iliendelea kutunza vijiti vya aina hiyo mpaka karne ya 19, na mwaka 1834, vilipochomwa kwa wingi katika majiko ya jengo la Bunge, viliondoka na Bunge lenyewe.

John hakuvumbua mfumo huo. Ulikuwa wa babu na baba. Alichofanya ni kuuendesha yeye mwenyewe. Chini ya Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyesimamia pia ofisi ya muhuri, tangu 1199 nakala za barua zinazotoka kwa mfalme zilianza kunakiliwa katika magombo, mwaka baada ya mwaka, na kwa hiyo tunaweza kumfuata John karibu siku kwa siku. Alikuwa mfalme asiyetulia, mwenye kulala mahali hapa siku mbili na pale siku tatu, akizunguka hata majimbo ya kaskazini ambayo wafalme waliomtangulia waliyaona kwa nadra. Alisikiliza kesi yeye mwenyewe. Alipenda vitabu na kuazima vingine kwa watawa wa Reading. Alioga kuliko desturi ya zama zake, nasi tunajua hilo kwa sababu mtumishi wa maji yake, William, alilipwa kwa kila josho na malipo yakaandikwa. Ukimsoma katika magombo hayo bila kujua mwisho wake, ungedhani unasoma habari za mtawala bora.

Tabu ilikuwa katika namna ya kudai. Desturi iliyokubalika ilisema kwamba baroni, yaani bwana mkubwa aliyeshika ardhi kutoka kwa mfalme, akifa, mrithi wake humlipa mfalme ada ya pauni 100 na kuingia katika ardhi ya baba yake. Kwamba yatima mwenye mali hulelewa chini ya mfalme. Kwamba mjane au binti mwenye urithi haolewi bila ruhusa yake. Na kwamba asiyekwenda vitani hutoa fedha ya ngao. Hakuna kiwango kilichoandikwa kwa mengi ya hayo, na John aliliona pengo hilo kama mfanyabiashara aonavyo soko lisilo na bei. Nicholas de Stuteville alitozwa marki 10,000 ili amrithi kaka yake. Na kwa kuwa marki moja ilikuwa theluthi mbili ya pauni, hiyo ni zaidi ya mara 60 ya ada ya desturi. Geoffrey de Mandeville alitozwa marki 20,000 ili amwoe Isabella wa Gloucester, ambaye alikuwa mke wa kwanza wa John mwenyewe, aliyeachwa. Fedha ya ngao ilidaiwa mara 11 katika miaka 16. Mwaka 1207 kila mtu alitozwa sehemu moja ya 13 ya mapato na mali zake zinazohamishika, na takriban pauni 60,000 zikaingia kwa mkupuo mmoja. Wayahudi wa Uingereza, ambao kisheria walihesabiwa kama mali ya mfalme, walikamatwa na kuteswa mwaka 1210 ili watoe fedha ambazo wengi wao hawakuwa nazo.

Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa. Nadhani siri ya John ni kwamba mara nyingi hakutaka dawa hiyo inywewe. Marki 10,000 hazikutazamiwa kulipwa zote, zilikusudiwa kuning'inia. Mdeni mtiifu alipewa muda, akapunguziwa, akasahauliwa kwa miaka. Mdeni aliyekunja uso alikumbushwa siku iyo hiyo, na ardhi yake ikatwaliwa kwa mujibu wa kanuni za Hazina. Hapakuwa na haja ya kumshitaki mtu kwa uhaini ikiwa jina lake lilikuwa tayari katika gombo.

Aliyejifunza hayo kwa uchungu kuliko wote ni William de Braose. Huyu alikuwa kipenzi. Mirebeau alikuwa bega kwa bega na mfalme, naye alijua mengi kuhusu Arthur. Alikuwa ameahidi marki 5,000 kwa ajili ya ardhi ya Limerick huko Ireland, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyemsumbua kwa kulipa kidogo mno. Kisha mfalme akaanza kumtilia shaka, akataka watoto wake wawe rehani ya uaminifu. Wajumbe walipofika, mke wake Matilda, kwa mujibu wa mwandishi Roger wa Wendover, alijibu kwa sauti kwamba hatampa watoto wake mtu aliyemuua mtoto wa kaka yake. Familia ilikimbilia Ireland, na John akaifuata huko na jeshi mwaka 1210. Matilda alikamatwa pamoja na mwanawe mkubwa, wakatiwa gerezani, na humo wakafa kwa njaa, mama na mwana. William alikimbilia Ufaransa akafia huko. Na hapa ndipo John anapojieleza kuliko popote: alitoa waraka, wenye mashahidi wakubwa, kuthibitisha kwamba yote aliyoitendea familia hiyo yalifuata desturi ya Uingereza na sheria ya Hazina. Hakukana. Alionyesha hesabu.

Kwa Kanisa mbinu ilikuwa ile ile. Hubert Walter alipofariki mwaka 1205, watawa wa Canterbury walimchagua mmoja wao kwa siri, mfalme akamtaka askofu wa Norwich, na Papa Innocent wa Tatu akawapuuza wote na kumweka Stephen Langton mwaka 1207. John alikataa Langton asikanyage Uingereza. Tangu Machi 1208 Papa alifunga ibada nchini kote kwa zaidi ya miaka sita: kengele kimya, misa hakuna kwa waumini, wafu wakizikwa bila kasisi katika ardhi isiyobarikiwa, na mwaka 1209 mfalme mwenyewe akatengwa na Kanisa. Yeye alitwaa mapato ya maaskofu waliokimbia. Halafu, kwa kuwa alijua mapadri wengi waliishi na wanawake kinyume cha viapo vyao, aliwakamata wanawake hao na kuwataka mapadri wawakomboe kwa fedha. Sina budi kukiri kwamba sehemu hii hunichekesha kila ninapoisoma, ingawa wanawake wale bila shaka hawakucheka.

Mwaka 1213 Philip alipoandaa majeshi ya kuvuka bahari, John aligeuka kwa wepesi wa kushangaza. Tarehe 15 Mei, karibu na Dover, aliikabidhi Uingereza na Ireland kwa Papa, akazipokea tena kama mtu aliye chini yake, kwa kodi ya marki 1,000 kwa mwaka. Wengine wanaona hapo fedheha. Mimi naona biashara nzuri, maana kwa bei hiyo adui yake mkubwa aligeuka kuwa mlinzi wake. Mtawa mmoja wa mashambani, Peter wa Wakefield, alikuwa ametabiri kwamba ikifika sikukuu ya Kupaa mwaka huo John hatakuwa mfalme. Sikukuu ilifika tarehe 23 Mei, mfalme akaila kwa shangwe hadharani, kisha Peter na mwanawe wakanyongwa.

Hazina sasa ilikuwa imejaa, na mwaka 1214 fedha zote zilitupwa katika karata moja. John angeshambulia kutoka kusini, na washirika aliowalipa, Mfalme Mkuu Otto wa Ujerumani, mtawala wa Flanders, na William wa Salisbury, kaka yake John wa nje ya ndoa, wangeshambulia kutoka kaskazini. Kusini mabwana wa Poitou walikataa kupigana na mwana wa Philip, na John akarudi nyuma. Kaskazini, Jumapili ya tarehe 27 Julai, huko Bouvines, Philip aliwavunja washirika kwa alasiri moja. Miaka kumi ya kukamua ikaishia hapo. John alirudi nyumbani akadai fedha ya ngao kwa wale ambao hawakumfuata, na mabaroni wa kaskazini wakasema hawatoi.

Mwezi Mei 1215 waasi waliingia London. Tarehe 15 Juni, katika uwanda wa majani wa Runnymede kando ya mto Thames, kati ya Windsor na Staines, mfalme alikubali hati ambayo baadaye iliitwa Magna Carta, yaani Hati Kuu. Hakuitia sahihi, kama picha nyingi zinavyoonyesha. Wafalme wa zama zile waliweka muhuri. Nakala nne za mwaka huo zipo hata sasa, mbili London, moja Lincoln na moja Salisbury, kila moja ni ngozi ya kondoo iliyojazwa Kilatini cha herufi ndogo bila nafasi kati ya aya.

Tumezoea kuisoma hati hiyo kama maandiko ya falsafa ya uhuru. Isomeni usiku huu kama malalamiko ya wadeni, nanyi mtaona jinsi inavyomfuata John hatua kwa hatua. Ada ya urithi wa baroni ni pauni 100, basi. Mjane hatalazimishwa kuolewa. Fedha ya ngao haidaiwi bila ushauri wa pamoja wa ufalme. Faini zilizotozwa kwa dhuluma zisamehewe. Jamaa wa Gerard d'Athée, maliwali wa kigeni waliochukiwa, waondolewe kazini, na hapo wametajwa kwa majina. Hata nyua za kutegea samaki zilizoziba mito ya Thames na Medway zinaagizwa kung'olewa. Katikati ya mambo hayo ya mezani na mashambani ndipo kuna sentensi mbili zinazonukuliwa duniani kote: kwamba hakuna mtu huru atakayekamatwa, kufungwa, kunyang'anywa mali au kuangamizwa ila kwa hukumu halali ya watu walio sawa naye au kwa sheria ya nchi, na kwamba haki hatutamwuzia mtu yeyote, hatutamnyima wala kumcheleweshea. Neno “hatutamwuzia” lilikuwa na mnunuzi na bei, na kila aliyekuwepo uwanjani alijua.

Lile neno “huru” nalo tulitazame bila kujidanganya, kwa maana wakulima wengi wa Uingereza wakati huo hawakuwa watu huru, na hati haikuwatetea kwa kiwango hicho. Wanasheria waliomo humu wanafahamu kwamba sheria ya kawaida ya Kiingereza iliingizwa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, kwa hiyo sentensi hizo mbili zilitufikia nasi zikiwa zimevaa nguo nyingine, tena zililetwa na serikali ya kikoloni ambayo nayo ilichagua nani ahesabiwe mtu huru.

Katika kifungu kirefu kuliko vyote, mabaroni 25 walipewa mamlaka ya kutwaa ngome na mali za mfalme iwapo atavunja ahadi. Yaani walimfanyia yeye alichowafanyia wao: mdeni akikaidi, mali yake inashikwa. John hakuweza kuvumilia hilo, na tarehe 24 Agosti Papa, bwana wake mpya, aliifuta hati. Kabla sijaendelea niseme kwamba haikufia hapo: mwezi Novemba 1216 walezi wa mfalme aliyefuata, mtoto Henry wa Tatu mwenye umri wa miaka 9, waliitoa upya bila kile kifungu cha mabaroni 25, ili kuwavuta waasi, na ikatolewa tena 1217 na 1225. Lakini wakati huo John hakuwapo.

Vita vilirudi. Waasi waliishika ngome ya Rochester, na John akaizingira kwa majuma saba. Mafundi walichimba chini ya mnara wakiegemeza kuta kwa magogo, na tarehe 25 Novemba 1215 mfalme aliandika agizo ambalo bado tunalo: apelekewe haraka, mchana na usiku, nguruwe 40 kati ya wale wanono zaidi na wasiofaa sana kuliwa, ili kuwashia moto chini ya mnara. Mafuta yao yaliyachoma magogo, kona nzima ya mnara ikaporomoka, na siku tano baadaye ngome ikajisalimisha. Angalieni jinsi alivyotaja kwamba wawe wasiofaa kuliwa. Hata katikati ya moto alikuwa hapotezi nyama.

Mwezi Mei 1216 Louis, mwana wa Philip, alitua kwa mwaliko wa waasi, na nusu ya ufalme ikamfuata. John alizunguka na jeshi lake mashariki na kaskazini. Tarehe 10 Oktoba, siku alizokuwa Lynn na maradhi ya kuhara yameanza kumshika, alimpa Margaret de Lacy ardhi huko Aconbury ajenge nyumba ya watawa wa kike, wamwombee baba yake, mama yake na kaka yake. Margaret alikuwa binti wa William na Matilda de Braose. Siku mbili baadaye, msafara wa mizigo yake ulipokuwa ukivuka mlango wa mto kwenye ghuba ya Wash, maji na mchanga laini viliwameza farasi, mikokoteni na sehemu ya vyombo vyake vya thamani. Alibebwa hadi Newark, na huko alifariki usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba 1216.

Wosia wake upo katika kanisa kuu la Worcester, alipoomba azikwe. Ni kipande kidogo cha ngozi. Anawataja watu 13 wa kuusimamia, mmoja wao Walter de Lacy, mume wa Margaret, na anawaagiza wamfidie Mungu na Kanisa kwa hasara na madhara aliyowatendea. Kabla ya hayo anaeleza kwa nini anawaachia wao kazi yote: kwamba ameshikwa na ugonjwa mzito, na hawezi kuvitaja vitu vyake kimoja kimoja.